Darasa la kompyuta la likizo, Tudor: masomo ya kusifika, fomu ya kutiliwa shaka

Kituo ninachokitathmini hapa kiko katika ghorofa ya pili ya jengo moja la Tudor, Mombasa, mahali ambapo mzazi anayeishi kisiwani hufika kwa tuktuk bila taabu na yule wa Kisauni hulazimika tu kuvuka Daraja la Nyali. Huendesha darasa la kompyuta kwa watoto wa miaka 7 hadi 17 kila shule zinapofungwa, na ada yake kwa likizo ya Agosti ilikuwa shilingi 7,000 kwa kila mtoto. Niliwaandikisha wawili: binti yangu wa miaka 9, na mpwa wangu, msichana wa miaka 14 ambaye mamake yuko Doha kikazi na ameniachia malezi yake. Sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu fomu ya kujiandikisha, picha na akaunti za watoto, kwa sababu hayo ni mambo ambayo wazazi wengi hawayaulizi wanapochagua darasa, ilhali sheria za Kenya zinayazungumzia kwa uwazi. Anayetaka kujua tu kama watoto hufundishwa vizuri, jibu langu ni ndiyo.

Kila mtoto hupewa mashine yake, na chumba kina kiyoyozi kinachofanya kazi, jambo ambalo kwa Mombasa ya saa nane mchana si dogo hata mwezi wa Agosti. Wadogo hujifunza kwa Scratch, programu iliyobuniwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts na kutolewa mwaka 2007, ambamo mtoto huunganisha vipande vya maagizo ili kuendesha picha na sauti. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake, na walimu huanza nacho kabla ya kumwachia mtoto achague lugha anayoitaka. Wakubwa hufundishwa Python, lugha ya kuandikia programu, na namna ya kutengeneza ukurasa mwepesi wa tovuti. Walimu ni vijana, hueleza kwa utulivu, na hawamnyang'anyi mtoto kipanya ili wamfanyie kazi. Binti yangu alitunga mchezo wa samaki anayekwepa nyavu, na mpwa wangu sasa hutafuta makosa katika programu zake bila kusukumwa. Chakula hakitolewi; watoto huja na chao au hununua viazi karai kwa mama aliye mlangoni. Vyoo ni safi, ngazi ni nyembamba na zina giza.

Fomu ya kujiandikisha ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza uliuliza mambo ya kutarajiwa: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, simu ya mzazi, na jina la mtu atakayemchukua mtoto jioni. Ukurasa wa pili uliuliza dini ya mtoto, nambari ya cheti cha kuzaliwa, kazi ya baba na ya mama, magonjwa yote ambayo mtoto amewahi kuugua, shule anayosoma, mtaa na nambari ya nyumba. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, kulikuwa na kisanduku kimoja cha kutia alama kuonyesha kwamba mzazi amekubali masharti yote, yakiwemo matumizi ya picha na video kwa shughuli za kituo. Kisanduku cha kukataa hakikuwepo.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019, na kifungu chake cha 25 kinamtaka yeyote anayekusanya taarifa za watu aseme wazi anazikusanya kwa lengo gani, achukue kiasi kinachohitajika kwa lengo hilo tu, na asizihifadhi kupita muda unaohitajika. Tena sheria hiyo huzitenga baadhi ya taarifa na kuziita nyeti, zikiwemo za afya, za imani, za kabila na za mali, na hata majina ya wazazi na watoto wa mtu. Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya ukurasa wa pili ilikuwa taarifa nyeti, nazo ziliwekwa katika faili la karatasi juu ya meza ya mapokezi, ambapo mzazi mwingine anayesubiri zamu yake angeweza kuzisoma akipenda.

Nilipouliza dini inahitajika kwa nini, dada wa mapokezi alinijibu kwa adabu kwamba ni kwa ajili ya swala ya Ijumaa, kwani watoto Waislamu huruhusiwa kutoka mapema. Sababu ni nzuri, ila swali linaloifikia ni jingine: je, mtoto ataondoka mapema siku ya Ijumaa? Mzazi atajibu ndiyo au la, na kituo kitapata kile kinachokihitaji bila kuweka daftari la dini za watoto wa watu. Ya afya ni vivyo hivyo. Mwalimu anapaswa kujua kwamba mtoto ana pumu au kwamba karanga humdhuru. Hana haja ya kujua kwamba aliugua surua akiwa mdogo. Kuhusu nambari ya cheti cha kuzaliwa, hakuna aliyeweza kunieleza ni ya nini. Niliacha nafasi hiyo wazi na fomu ikapokelewa bila neno, ishara tosha kwamba nambari hiyo haikuhitajika tangu mwanzo.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa katika sentensi ya mwisho, iliyosema kwamba mwanafunzi aliyetimiza miaka 13 anaweza kutia saini mwenyewe. Mpwa wangu alikuwa ameshaishika kalamu. Sentensi hiyo niliijua ilikotoka, maana hukutana nayo kila anayefungua akaunti ya mtandao wa kijamii: miaka 13 ni umri wa sheria ya Marekani. Bunge la nchi hiyo lilipitisha mwaka 1998 sheria ya faragha ya watoto mtandaoni, maarufu kwa kifupi chake cha COPPA, iliyoanza kutekelezwa Aprili 2000, nayo huzitaka kampuni zipate idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13. Si sheria ya maonyesho. Mwaka 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 kumaliza madai ya kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi, na Desemba 2022 Epic Games, kampuni yenye mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520, ambapo milioni 275 zilihusu sheria hiyo hiyo. Kwa kuwa programu nyingi tunazozitumia zinatoka huko, umri wa huko umesambaa duniani pamoja nazo, hadi mtu wa Tudor anaunakili kwenye fomu yake bila kujiuliza uliwekwa na nani. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data inataja miaka 16 na kuziruhusu nchi wanachama kushuka hadi 13. Australia imeweka 16 kwa akaunti za mitandao ya kijamii, kuanzia tarehe 10 Desemba 2025.

Kenya haikuchukua umri wowote kati ya hiyo. Ibara ya 260 ya Katiba inasema mtoto ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinasema taarifa zinazohusu mtoto zisitumiwe ila kwa ridhaa ya mzazi au mlezi wake, na kwa namna inayolinda na kuendeleza haki na maslahi ya mtoto huyo. Kifungu hicho kinaagiza pia uwekwe utaratibu wa kuhakikisha umri na ridhaa, kwa kuzingatia teknolojia iliyopo, wingi wa taarifa zinazokusanywa na uwezekano wa mtoto kudhurika. Wanaoachiwa sharti la ridhaa ya mzazi ni wale tu ambao kazi yao ni kutoa ushauri nasaha au kumlinda mtoto, na jambo hilo lina busara yake, kwa kuwa mtoto anayepiga simu kueleza mateso ya nyumbani hawezi kuambiwa akaombe ruhusa kwa anayemtesa.

Saini ya mpwa wangu, kwa hiyo, isingekuwa na uzito wowote kisheria, na kituo kingekuwa kimekusanya taarifa za kila kijana wa miaka 13 hadi 17 bila ridhaa ya mtu yeyote. Binafsi naona kwamba kwa baadhi ya mambo kijana wa miaka 16 ana akili za kuamua, na sitashangaa iwapo siku moja Bunge litalitazama jambo hilo upya; lakini kituo hakina mamlaka ya kulitangulia Bunge kwa kunakili fomu ya kigeni. Hata hivyo sikumweka mpwa wangu kando. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inataka mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni yake asikilizwe, naye nilipomuuliza alisema hataki picha yake ionekane popote, akanipa na sababu ambazo sitaziandika hapa. Nilizungumza na mamake kwa simu, nikatia saini kama mlezi, na pembeni mwa kile kisanduku nikaandika kwa kalamu nyekundu kwamba picha za watoto wote wawili zisichapishwe.

Ijumaa ya kwanza, binti yangu alionekana kwenye ukurasa wa kituo.

Nilipolifuatilia jambo hilo niligundua kwamba hapakuwa na nia mbaya, bali pengo la utaratibu. Fomu husomwa na dada wa mapokezi na kuingia kwenye faili, ilhali picha hupigwa na mwalimu kwa simu yake, na mwalimu hajawahi kulifungua faili hilo. Ridhaa iliyokataliwa katika karatasi haikumfikia mwenye kamera. Huu nauona ndio udhaifu mkuu wa vituo vingi vya namna hii, kwani vinaweza kuwa na fomu nzuri kabisa na bado vikashindwa kuitii, kwa kuwa hakuna aliyepewa kazi ya kuhakikisha kwamba kilichoandikwa kinatekelezwa.

Picha zenyewe zilikuwa za furaha: watoto wakicheka, wakiinua vidole, huku skrini nyuma yao zikionyesha majina kamili. Baadhi yao walikuwa wamevaa fulana za shule zao. Mtu aliye mbali, asiyemjua mtoto hata kwa sura, akiitazama picha moja ya aina hiyo hupata jina, umri wa kukisia, shule, na mahali ambapo mtoto huyo atakuwa akitoka kila siku saa kumi jioni. Kwa mji wa pwani unaopokea wageni wa kila namna, ambako habari za watu wazima wanaowarubuni watoto si ngeni masikioni mwetu, sioni kwamba huo ni wasiwasi wa kupindukia.

Meneja, mtu muungwana aliyenikaribisha kahawa tungu kabla ya mazungumzo yoyote, aliniambia, "Mzee wangu, picha hizi ni za kumbukumbu tu, na wazazi wenyewe hufurahi wakiziona." Sikubishana naye kuhusu furaha ya wazazi. Nilimwonyesha kwamba chini ya kila picha kulikuwa na mwaliko wa kujiandikisha pamoja na nambari ya kulipia ada, na kwa hiyo kilichochapishwa ni tangazo la biashara. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinakataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila ridhaa yake ya wazi au ruhusa ya sheria, na sura ya mtu ni taarifa yake. Kifungu cha 32 nacho kinaeleza ridhaa hupimwaje: mzigo wa kuthibitisha kwamba ilitolewa uko kwa anayezitumia taarifa, aliyeitoa anaweza kuiondoa wakati wowote, na katika kuamua kama ilitolewa kwa hiari, huangaliwa iwapo huduma ilifungamanishwa na ridhaa ambayo huduma yenyewe haiihitaji. Mtoto hujifunza Scratch vizuri kabisa bila sura yake kutangazwa, na kwa hiyo kisanduku kimoja cha masharti yote hakiwezi kuitwa ridhaa ya hiari.

Kilichomfanya meneja anyamaze kidogo si vifungu bali uamuzi wa Septemba 2023. Mwezi huo Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, inayoongozwa na Bi. Immaculate Kassait, iliitoza Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi wao. Katika tangazo hilo hilo klabu moja ya starehe iliyochapisha picha ya mteja wake bila ridhaa ilitozwa shilingi 1,850,000. Ukikumbuka kwamba kiwango cha juu cha faini ya kiutawala chini ya sheria hii ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi iliyo ndogo, utaona kwamba picha za watoto zilichukuliwa kwa uzito wa pekee. Meneja aliikumbuka habari hiyo, lakini alikuwa amedhani ni mambo ya shule kubwa za Nairobi.

Niliandika ombi la kufuta picha na kulikabidhi kwa mkono. Kanuni za mwaka 2021 zilizotungwa chini ya sheria hiyo zinatoa siku 14 za kulijibu ombi kama hilo, na kituo, kwa sifa yake, kiliziondoa picha muda mrefu kabla ya siku hizo kwisha. Sheria inamtaka pia aliyewapa wengine taarifa hizo achukue hatua za kuwaarifu kwamba mwenyewe ameomba zifutwe. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, kwani picha zilikuwa zimeshawekwa kwenye status za simu za watu ambao kituo hakiwajui wote. Meneja alipendekeza watoto wasiotaka picha wavae kamba ya shingoni yenye rangi tofauti. Nilimshauri asifanye hivyo, kwa sababu kumtia mtoto alama mbele ya wenzake kwa uamuzi wa mzazi wake ni kumwonea. Ni afadhali kupiga picha za mikono kwenye kibodi na za michezo iliyotungwa, ambazo zinaitangaza kazi ya kituo vizuri zaidi kuliko nyuso. Wiki zilizofuata ndivyo walivyofanya, na kwa kweli ukurasa wao ulipendeza zaidi.

Lipo pia kundi la WhatsApp la wazazi, ambalo sikuombwa ruhusa ya kuingizwa. Nambari za simu za kila mzazi zinaonekana kwa wote, na kila asubuhi iliwekwa orodha ya mahudhurio yenye jina la mtoto, umri wake na jina la atakayemchukua. Ni vigumu kufikiria taarifa moja yenye manufaa zaidi kwa mtu mwenye nia mbaya kuliko hiyo ya mwisho. Nilipoieleza hoja hiyo, orodha ilikoma siku hiyo hiyo na kundi likageuzwa kuwa la matangazo ambalo walimu pekee ndio wanaoandika, ingawa nambari bado zinaonekana. Baadhi ya akina mama walilalamika kwamba nimewaharibia kundi. Huenda ni kweli, maana kulikuwa na mapishi mazuri humo.

Upande wa mashine na mtandao, fundi wao anastahili pongezi. Intaneti ya kituo hupitia huduma ya bure ya kampuni ya Cloudflare yenye anwani ya 1.1.1.3, inayozuia tovuti za ngono na zile zinazojulikana kusambaza programu hatari, na mtoto hawezi kubadilisha mpangilio huo kwa sababu mashine zimefungwa kwa nywila ya msimamizi. Ni lazima ieleweke, hata hivyo, kwamba kichujio cha aina hiyo hutazama jina la tovuti tu. Hakioni kinachosemwa ndani ya tovuti iliyoruhusiwa. Wakati wa mapumziko vijana wakubwa walikuwa wakicheza mchezo wa mtandaoni wenye sehemu ya kuzungumza na wachezaji wasiowajua, na kichujio hakikuwa na la kufanya hapo. Sasa sehemu hiyo imezimwa na mwalimu mmoja hubaki chumbani.

Akaunti ndizo zilizoniudhi zaidi katika upande huu. Watengenezaji wa Scratch humtaka mtoto asitumie jina lake halisi, na kwa mtoto mdogo huomba barua pepe ya mzazi. Kituo kilitumia barua pepe yake chenyewe kwa watoto wote, kikawapa majina ya akaunti yaliyoundwa kwa jina halisi na mwaka wa kuzaliwa, na nywila moja kwa darasa zima. Matokeo yake ni kwamba ujumbe wowote kuhusu akaunti ya mtoto haumfikii mzazi, na likizo ikiisha mzazi hana njia ya kuifunga akaunti asiyojua hata kwamba ipo. Wakati huo huo, kazi yoyote ambayo mtoto ataichagua kuishiriki huonekana na dunia nzima chini ya jina lake halisi. Dawa yake ni nyepesi mno. Scratch inaweza kuwekwa kwenye kompyuta na kutumika bila intaneti wala akaunti, na kazi ya mtoto ikahifadhiwa kwenye flashi. Mchezo wa samaki wa binti yangu ulikuja nyumbani kwa njia hiyo baada ya mimi kuomba, na walimu wakakiri kwamba darasa lilikwenda kasi zaidi siku ambazo mtandao haukutumika.

Kipo kipindi kimoja ambacho ningependa kila shule ya Mombasa ikiige. Wakubwa walifundishwa la kufanya iwapo mtu wa mtandaoni atawaomba picha za utupu au kuwatisha kwa picha alizonazo. Mwalimu aliwaambia wasifute ujumbe wowote, kwa kuwa ndio ushahidi, wamwambie mtu mzima wanayemwamini, na wakishindwa wapige 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto inayopokelewa saa 24. Aliwaeleza pia, bila kuwatisha, kwamba Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 25, au vyote viwili, kwa makosa ya picha za ngono za watoto, na kwamba sheria hiyo ipo ili kumlinda mtoto anayetishwa. Mpwa wangu alinisimulia kipindi hicho chote wakati wa chakula cha jioni, jambo ambalo kwa msichana wa umri wake ni nadra. Nambari 116 imebandikwa ukutani kwa maandishi makubwa, mahali ambapo mtoto anaiona akiwa amekaa.

Ukutani hapo hapo kuna kibali cha biashara cha kaunti, ila hakuna cheti cha kusajiliwa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Meneja aliamini kwamba biashara ndogo haihitaji. Ni kweli kwamba kanuni za usajili za mwaka 2021 zinawaondolea sharti la kusajiliwa wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Lakini kanuni hizo zinataja shughuli ambazo lazima zisajiliwe hata zikiwa ndogo namna gani, na kuendesha taasisi ya elimu ni mojawapo, kama ilivyo kuendesha kamera za ulinzi. Ada ya ngazi ya chini ni shilingi 4,000, pungufu ya kile alicholipa mtoto mmoja kwa likizo hii, na cheti hudumu miezi 24. Kamera nazo wanazo, moja darasani na moja kwenye ujia unaoelekea vyooni. Niliuliza ni nani anayeziona picha zake na zinakaa kwa muda gani. La kwanza nilijibiwa, kwamba ni mwenye kituo na fundi kupitia simu zao. La pili hakuna aliyelijua.

Mzazi atakayekumbana na kituo kisichosikiliza ajue kwamba malalamiko kwa Kamishna yanaweza kutolewa kwa mdomo au kwa maandishi, na kwamba sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Mimi sikufika huko, kwa kuwa kituo hiki kilisikiliza. Fomu mpya ina ukurasa mmoja. Swali la dini limeondoka, la afya limebaki na magonjwa ambayo mwalimu anahitaji kuyajua, umri wa kutia saini umekuwa miaka 18, na picha zina visanduku vyake vya ndiyo na hapana, kimoja kwa matumizi ya ndani ya darasa na kingine kwa matangazo. Masomo nayapa nyota tano kati ya tano, na utunzaji wa taarifa za watoto nyota tatu, ambazo mwanzoni mwa Agosti zingekuwa moja. Cheti cha usajili na muda wa kuhifadhi picha za kamera bado havijapatiwa jibu. Uandikishaji wa likizo ya Novemba umeanza, na atakayekwenda aombe kwa jina fomu ya ukurasa mmoja, kwani nilipopita hapo mara ya mwisho kijana wa zamu ya jioni alikuwa angali anagawa nakala za ile ya zamani.